Hodi na Kengele Yenye Jicho

Msomaji, ukifika penye nyumba ya mtu katika Kakamega, iwe mjini karibu na soko au huko Lurambi, unasimama nje ya geti ukapiga hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Nawe hujibu kwa jina lako, au kwa jina la mtoto wako, kama ulivyozoeleka hapo, ndipo unapokaribishwa. Maneno hayo ni machache, lakini yana haki ndani yake. Mgeni hutoa sauti na jina. Mwenye nyumba hutoa sauti yake na ruhusa. Kila mmoja amempa mwenzake kiasi cha kutosha, wala hapana aliyechukua zaidi ya alichopewa.

Siku hizi kimetokea chombo kinachodai kuifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ni kengele ya mlangoni yenye kamera na kinasa sauti, iliyounganishwa na intaneti. Mtu akiibonyeza, au akipita tu mbele yake, simu ya mwenye nyumba hulia popote alipo, naye humwona mgeni na kusema naye, hata kama yeye yuko Nairobi au Doha. Nataka tukipime chombo hiki, wewe nami, kama tunavyopima kitabu: kwa yale kinayoahidi na kwa yale kinayotenda.

Asili yake ni njema. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa Marekani, Marie Van Brittan Brown, aliyekaa Queens katika jiji la New York, aliomba hati ya uvumbuzi pamoja na mumewe Albert. Mama huyu alikuwa akibaki peke yake nyumbani usiku, na polisi wa mtaa wake walikawia kufika walipoitwa. Basi alibuni mlango wenye matundu manne ya kuchungulia, ya kimo mbalimbali, na kamera ya kupanda na kushuka nyuma yake. Ndani kulikuwa na televisheni ya kumwonyesha mgeni, na swichi ya kumfungulia akiwa mbali na mlango. Hati ilitolewa mwaka 1969. Tazama jambo moja hapa: picha ya mgeni ilisafiri kutoka mlangoni hadi chumbani mwa yule yule aliyebishiwa hodi.

Kengele za leo nyingi hazifanyi hivyo. Chukua ile ijulikanayo kwa jina la Ring, ambayo ilianza mwaka 2013 kwa jina la Doorbot, na mwaka 2018 ikanunuliwa na kampuni ya Amazon. Picha inayonaswa huenda kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ndipo imfikie mwenye nyumba. Naye asipolipa ada huweza kumwona mgeni aliye mbele ya kamera wakati ule ule, lakini hawekewi kumbukumbu. Ni ajabu kidogo mtu kununua kengele kwa fedha zake, kisha akaendelea kulipa ili akumbuke nani alikuja kwake.

Sasa tuje kwenye umbo lake. Kengele hii ilibuniwa kwa nyumba ambazo mlango wake watazama barabara, kama zilivyo nyingi katika miji ya Marekani na Uingereza. Kwetu nyumba nyingi zina geti kwanza, kisha uwanja, kisha mlango. Ukiitia mlangoni, mgeni abishaye getini haioni wala yenyewe haimwoni. Ukiitia getini, imekwenda mbali na mtambo wa intaneti ulio sebuleni, na kuta za matofali na mabati hudhoofisha mawimbi yake. Tena hapo getini jicho lake huangalia njia, ambayo ni ya watu wote. Yaani mahali pale pale panapoifanya iwe dhaifu kwa kazi yake ndipo panapoipa nguvu ya kuwaudhi majirani.

Na Kakamega ina mvua zake. Ngurumo za alasiri hapa si habari, wala kukatika kwa umeme si habari. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani. Kengele yenye betri huendelea kuwa hai usiku wa namna hiyo, lakini mtambo wa intaneti uliotegemea umeme umekufa. Jicho li wazi, na hapana wa kuambiwa. Mwizi, kama nimjuavyo, hangoji usiku wenye taa. Katika siku za kawaida nazo, ng'ombe akipita, au taa za pikipiki zikimulika, simu hulia. Baada ya majuma mawili mwenye nyumba ameinyamazisha, asijue tena mlio wa ng'ombe na mlio wa mtu.

Lakini kasoro za umbo zaweza kutengenezwa na fundi. Lililo zito zaidi ni la wale ambao hawakuinunua. Fikiri juu ya msichana wa kazi, ambaye saa yake ya kutoka na ya kurudi imeandikwa, pamoja na maneno aliyosema na rafiki yake getini. Fikiri juu ya mwuza maziwa. Fikiri juu yako wewe, upitaye njia hiyo kila asubuhi na sare ya shule: umekwisha kunaswa mara mia mbili kwa mwaka na mtu usiyemjua jina. (Mimi mwenyewe nipitapo mbele ya kamera hujikuta natengeneza kola ya shati. Ni upuuzi, lakini si upuuzi niliouchagua.)

Huko Uingereza jambo hili lilifika mbele ya sheria. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya wilaya ya Oxford ilihukumu kesi ya jirani wawili, mmoja akiwa ametia kengele ya aina hii na kamera nyingine. Hakimu aliona kuwa sheria ya kulinda habari za watu imevunjwa, na alilaumu kunaswa kwa sauti kuliko hata picha, kwa kuwa sikio la chombo lilifika mbali kuliko jicho lake. Huko Marekani, mwezi wa Mei 2023, Tume ya Biashara ya serikali iliishtaki Ring kwamba iliwaachia waajiriwa wake kuzitazama rekodi za wateja, na kwamba mmoja wao alitazama maelfu ya rekodi za wanawake zilizotoka katika kamera za ndani ya nyumba. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Hapo ndipo ulinzi ulipomgeukia hata yule aliyeulipia.

Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huitia nguvu haki hiyo. Si maneno matupu: mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto pasipo idhini ya wazazi wao. Lakini sheria hiyo hiyo humwachilia mtu ashughulikiaye habari za wengine kwa mambo yake binafsi au ya nyumbani tu. Neno "tu" hapo limebeba mzigo mkubwa. Mahakama ya Ulaya ilisema mwaka 2014 kwamba kamera ya nyumbani ikitazama njia ya watu wote, si ya nyumbani tu tena. Mimi naliona hilo kuwa sawa, na ningependa lieleweke hivyo kwetu pia.

Siwacheki walioinunua. Mjane aliyevunjiwa nyumba ana sababu ile ile ya muuguzi wa Queens. Ningemwomba tu aielekeze kengele kwenye uwanja wake, aizime sauti yake, atafute ile ihifadhiyo picha humo humo nyumbani, na amwambie msichana wake wa kazi kwamba ipo.

Nilikuwa nimesimama kando ya njia siku moja, mama mmoja mzee alipoleta mkungu wa ndizi kwa jirani yake. Hakuibonyeza kengele, alipiga hodi. Sauti ikatoka ukutani: "Nyanya, karibu, lakini mimi niko Nairobi." Mzee akatazama juu, akatazama nyuma yake, akauliza, "Uko wapi nikuone?" Sauti ikacheka, ikajaribu kueleza. Akaweka ndizi chini ya geti, akajitanda leso yake, akaenda. Siku ya Jumamosi aliporudi alipita uani, upande wa jikoni, pasipo na kengele.