DJ Premier na deni la sauti za wengine

Bandugu, tuongee juu ya DJ Premier, lakini tusiishie kumusifu. Kumusifu ni rahisi: Illmatic ya Nas (1994), Ready to Die ya Notorious B.I.G. (1994), Reasonable Doubt ya Jay-Z (1996), zote tatu ziko na mukono wake ndani. Watu wanabishana mpaka leo ni ipi ya kwanza kati ya hizo, na produza huyu alipita kwenye zote. Hiyo haihitaji makala.

Mimi niko na swali lingine. Mutu akijenga kazi ya maisha yake kwa vipande vya kazi za wengine, anabaki na deni gani kwao? Sisi wenye tulipita kwenye TFC na mémoire, swali hilo tunalijua. Unafika mbele ya encadreur na chapitre yako ya kwanza, anakukatisha kwenye ukurasa wa pili: "Hii umeitoa wapi?" Premier anaishi na swali hilo zaidi ya miaka 30, na majibu yake hayafanani siku zote.

Jina la nyumbani ni Christopher Martin, muzaliwa wa Houston, Texas, 1966. Alisoma informatique kwenye Prairie View A&M, moja ya vyuo vya kihistoria vya Weusi wa Marekani, lakini alifanya pia kazi kwenye duka la santuri, na ni kule dukani njo alipata elimu yenye ilimulisha. Mwenzake wa Gang Starr, Guru, yaani Keith Elam wa Boston, alitoka na diplome ya Morehouse, Atlanta. (Wazazi wenye wanasema rap ni ya watoto wenye masomo iliwashinda, wasome hapo mara mbili.) Albamu yao ya kwanza pamoja, No More Mr. Nice Guy, ilitoka 1989, na ndani yake kuko Charlie Parker amegeuzwa kuwa biti. Mwaka 1990 wakafanya "Jazz Thing" na Branford Marsalis kwa filamu ya Spike Lee, Mo' Better Blues. Magazeti yakawabandika jina la jazz rap. Jina zuri, lakini linaficha kazi yenyewe, juu kazi ya Premier siyo kupenda jazz. Ni kuikata.

Halafu mahakama ikaingia. Desemba 1991, pale New York, jaji akaamua kinyume cha Biz Markie, mwenye alitumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Uamuzi ule ulianza na ile amri ya Biblia ya kukataza kuiba, kabisa! Albamu ikatolewa sokoni. Tangu hapo, kuchukua kipande kirefu na kukiacha kijulikane kulitaka avocat na pesa. Wale wenye walizoea kurundika vipande kumi au zaidi kwenye wimbo mumoja, kama Bomb Squad ya Public Enemy, njia yao ikawa ghali kupita kiasi.

Premier yeye alikuwa anakata vidogo. Siwezi kusema sheria njo ilimufundisha, kwani mukono wake ulishaanza kwenda upande huo. Lakini wakati ule ulimufaa. Sikiliza "Come Clean" ya Jeru the Damaja. Ile sauti yenye inadondoka sawa matone ya maji usiku chini ya bati imetoka kwa Shelly Manne, mupiga ngoma wa jazz, kwenye albamu ya 1972. Hakuna melodi ya kuimba pale, ni matone na ngoma basi, na ngoma zile ziko nzito mpaka hauulizi kingine. Ama chukua "N.Y. State of Mind". Piano ni ya Joe Chambers, kwenye "Mind Rain". Kwa Chambers ile piano inatembea, inafungua milango, inaenda mbali. Premier anakamata kapande kadogo tu, anakarudisha na kukarudisha mpaka kanaanza kutisha. Nas anapoingia, anakuta nyumba iko tayari, giza limeshawekwa, kazi yake ni kusema tu.

Kwa sisi wa agronomie, hiyo ni greffage. Unachukua tawi la avoka nzuri, unalifunga kwenye muche wenye mizizi migumu, na kisha muda muti unakuwa mumoja. Mizizi ya Premier ni ngoma zake. Unamutambua kwa ngoma peke yake mbele hata rapa hajafungua kinywa. Lakini tawi ni la nani? Mukulima akikupatia tawi kutoka shamba lake, anajua umelichukua. Chambers na Manne hawakuulizwa kama wanataka kuzaa matunda ya aina ile.

Kuko upande mwingine wa kazi yake, na hapo njo ninamupenda zaidi. Maproduza wengi wakitaka kiitikio wanaita mwimbaji. Premier anaweka santuri kwenye platine, anaikwaruza na mukono, anatoa sentensi ya rapa huyu, neno la rapa yule, anazishona mpaka zinakuwa kiitikio kimoja chenye maana mupya. "Nas Is Like" ya 1999: kiitikio ni Nas mwenyewe, ametolewa kwenye nyimbo zake za zamani na kuletwa ashuhudie juu yake mwenyewe. Hizi ni note za chini ya ukurasa, zenye zimepandishwa juu katikati. Msikilizaji mwenye amesoma hip hop anajua kila sauti inatoka wapi. Mwenye hajasoma anaenda kutafuta. Sisi watoto wa libanga tunaelewa haraka: kwetu jina linatupwa ndani ya wimbo kwa sababu boss amelipa. Kwa Premier sauti inatupwa kwa sababu imestahili, hakuna boss, na mwenye sauti mara nyingi ni mwalimu.

Lakini kunukuu wazi hakumalizi deni. Mufano mubaya zaidi ni "Ten Crack Commandments" ya B.I.G., 1997. Sauti yenye inahesabu ni ya Chuck D wa Public Enemy, mutu mwenye alitumia muziki wake kupiga vita madawa ya kulevya. Sasa sauti yake inahesabu sheria za kuuza crack! Chuck D akapeleka mambo kortini na yakaisha kwa mapatano. Kama ufundi, ni wimbo wa ajabu, sitadanganya, niko nao kwenye simu. Kama nukuu, ni mbaya. Source umeionyesha, lakini umeisemesha kitu chenye haikusema. Kwenye défense mutu angekuangusha kwa hiyo.

Na piano? Pale mambo yanageuka kabisa. Kwenye Moment of Truth ya 1998, albamu ya Gang Starr yenye ilipata disque d'or, Premier anasikika akilalamika juu ya wale wenye wanatoa santuri za kukusanya nyimbo za asili na kuandika nyuma ni nani alizitumia. Kwake hao ni wachongezi. Ninaelewa hasira yake: sheria inaazibu mwenye anaonekana, na mwenye kuficha vizuri analala salama. Lakini angalia matokeo. Rapa, mwenzake wa kizazi kimoja, anapata heshima ya kusikika kwa sauti yake. Mupiga piano wa zamani, mwenye pengine angehitaji pesa ile kuliko wote, anakatwa vidogo mpaka hata mutoto wake asimutambue. Mimi sikubali mutu aite hiyo heshima kwa wazee. Ni akili, ni uzuri, lakini heshima ni kitu kingine.

Kisha 2000 njia ile ikaanza kuwa desturi. The Ownerz ya 2003 iko nzuri, lakini mara nyingi unajua mahali mukwaruzo utaingia mbele haujaingia. Kitu cha mupya alikipata mahali hatukungojea, kwa Christina Aguilera, "Ain't No Other Man", 2006: ngoma zilezile chini ya sauti kubwa ya pop, na bado anatambulika. Na PRhyme ya 2014, na Royce da 5'9", ilimufunga mikono vizuri, juu vipande vyote vilitoka kwa mutu mumoja mwenye yuko hai, Adrian Younge. Shamba moja, mwenye shamba anajulikana. Kwangu ni moja ya kazi zake safi zaidi za miaka hiyo.

Guru alifariki tarehe 19 Aprili 2010. Walikuwa wameachana miaka. Barua ikatolewa kwa jina lake, yenye ilimukana Premier, na familia ya Guru haikuiamini. Rekodi za mwisho za Guru zilikuwa mikononi mwa mutu mwingine, na ili azipate, Premier alizinunua. Safari hii sauti ililipwa mbele ikatwe. Njo albamu ya One of the Best Yet, Novemba 2019. Wengine wanasema ni ya majonzi tu. Mimi ninasikia mutu mwenye anafanya kazi polepole: biti ni nyepesi kuliko zamani, ngoma zimerudi nyuma kidogo, na ile sauti ya Guru, yenye haipandi wala kushuka, imeachiwa nafasi yote pale katikati.