“Chakula ya kwetu” ya Matonge

Bandugu balisansie, wenzetu wa Bruxelles wanapenda kututumia picha za maduka ya Matonge, kule Ixelles: “Ona, chakula ya kwetu!” Kwetu wapi? Hata jina Matonge ni la mtaa wa Kinshasa. Sombe inauzwa pale, imetwangwa na kugandishwa, paketi imeandikwa pondu. Hiyo si neno. Uichemshe sana tu, sumu yake itoke. Shida ni unga. Mtu wa Katanga anatafuta bukari ya mahindi meupe, anaonyeshwa unga wa muhogo. Wengine wanakamata P.A.N., ile ya Venezuela. Ni mahindi meupe, ndiyo, lakini unga umekwisha kupikwa kiwandani. Ukisonga, haushikane sawa wetu.

Wetu, nimesema? Hapa Kasenga Zambia iko ng’ambo ya Luapula, na mifuko mingi ya unga inayoliwa Lubumbashi inatoka kule. Tomson nayo inavuliwa bahari ya Namibia, inafika imegandishwa. Yule wa Bruxelles analilia vitu ambavyo hata mama yake alinunua vya nje, na sisi wa kilimo tuko hapa, tunatafuta kazi ya ofisi. Samaki ya Luapula ndiyo yetu kweli. Kwenye picha zao sijaiona hata moja.