Walimu wa Gredi ya Kwanza Penye Majani Chai

Wazazi wa Kericho na Bomet nchini Kenya wakilinganisha shule za msingi za umma, huulizana alama za mtihani. Mimi huitazama gredi ya kwanza. Vijijini, mwalimu huanza kwa Kikipsigis na karibu darasa zima humwelewa. Katika shule za mashamba ya chai hukaa pamoja watoto wa Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya, kwa hiyo mwalimu hufundisha kusoma kwa Kiswahili, lugha ambayo baadhi yao bado wanajifunza kuizungumza. Kazi hiyo nzito haionekani kwenye alama zozote.

Mvua ya alasiri ikipiga mabati, sauti haifiki dawati la pili; mwalimu huandika ubaoni na kupita dawati hadi dawati. Mzazi akipata kibarua shamba jingine, mtoto huhama katikati ya muhula. Huko mwalimu mwingine humpokea bila daftari, humpima anachojua, kisha huwasogeza wenzake akae. Karo ilifutwa mwaka 2003, lakini wale kati ya walimu hawa walioajiriwa na bodi za shule bado hulipwa kwa michango ya wazazi, na michango huchelewa.