Nyumba iliyonunuliwa kwenye ramani

Mwaka 2018 miradi miwili mikubwa ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) jijini Dar es Salaam ilisimama: Morocco Square, pale njia panda ya Morocco, na Seven Eleven kule Kawe. Saruji ilikuwepo madukani na mafundi walikuwepo mtaani, ila kibali cha shirika kuendelea kukopa hakikuwepo. Kazi ilifufuka miaka kadhaa baadaye, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliporuhusu shirika kukopa zaidi ya Sh170 bilioni. Muda wote huo wapo waliokuwa wameshaanza kulipia, wakabaki na risiti mkononi na kodi ya pango inayodaiwa kila mwezi.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha siasa. Mimi kinanivutia kwa namna mauzo yenyewe yanavyosukwa, maana mradi wa mtu binafsi usiohitaji kibali cha Hazina hata kimoja nao hukwama kwa njia ileile.

Mnunuzi wa nyumba isiyojengwa hutia saini mkataba mmoja, lakini nyumba yake inategemea mikataba isiyopungua mitatu. Wa kwanza ni wake na mwendelezaji. Wa pili ni wa mwendelezaji na mkandarasi. Wa tatu ni wa mwendelezaji na benki. Tarehe ya kukabidhiwa funguo iliyoandikwa kwenye mkataba wa kwanza imetolewa kwenye ratiba ya mkandarasi, na ratiba hiyo imepangwa kwa dhana kwamba kila hati ya malipo italipwa kwa wakati. Fedha ikichelewa, mkandarasi ana haki ya kimkataba kusimamisha kazi, kudai riba, na kudai gharama za mitambo iliyokaa bure. Mnunuzi, ambaye hayumo kwenye mkataba huo, hana la kudai humo. Kwake yeye kuna kifungu kinachosema tarehe inaweza kusogezwa kwa "sababu zilizo nje ya uwezo wa muuzaji", na ukosefu wa fedha hupenyezwa humo humo.

Tuangalie fedha inavyoingia. Chukua mfano wa nyumba ya Sh200 milioni. Muuzaji anataka Sh40 milioni siku ya saini, kisha Sh20 milioni kila miezi mitatu. Ikifika miezi 18 mnunuzi ameshatoa Sh160 milioni, yaani asilimia 80 ya bei, jengo liwe limefika ghorofa ya kumi au liwe bado kwenye msingi. Malipo yamefungwa kwenye kalenda, hayakufungwa kwenye kazi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni kurahisisha mambo. Yanarahisishwa kwa upande mmoja.

Hapa ndipo jicho linapodanganya. Mnunuzi akipita barabarani akaona nguzo zimepanda na zege la ghorofa ya mwisho limemwagwa, anaona nyumba imeisha. Mkadiriaji majenzi anaona kitu kingine: mara nyingi mifupa ya jengo refu la makazi haifiki nusu ya gharama yake. Kilichobaki ni madirisha ya alumini, mabomba, nyaya, vigae, makabati ya jikoni, jenereta, transfoma, mfumo wa kuzimia moto na lifti. Vingi kati ya hivyo huagizwa nje kwa dola na kudai malipo ya awali kabla ya kiwanda kuanza kazi. Kwa hiyo mwendo wa nguzo hausemi mengi. Mwenye kutaka kujua hali ya mfuko wa mradi aulize lifti zimeagizwa lini na zimelipiwa kiasi gani.

Na mradi ukisimama, haulali bila gharama. Nondo zilizoachwa wazi karibu na bahari, kama Kawe, hushika kutu kwa chumvi ya upepo. Kabla ya kumwaga zege jingine lazima mhandisi akague, pengine nyingine zisuguliwe au zikatwe. Bei za vifaa zimepanda. Riba ya benki imeendelea kuhesabu. Wanunuzi nao, kwa haki kabisa, wanaacha kulipa wakiona kimya, na kuacha kwao kunazidi kukausha mfuko.

Dubai na India zimejaribu kuufunga mwanya huu kwa sheria. Sheria Na. 8 ya 2007 ya Dubai inataka fedha za wanunuzi ziwekwe kwenye akaunti maalumu ya mradi chini ya mdhamini, na asilimia 5 izuiwe kwa mwaka mmoja baada ya nyumba kusajiliwa, kwa ajili ya kasoro. India, kwa sheria yake ya 2016, inaagiza asilimia 70 ya fedha za wanunuzi ikae kwenye akaunti ya pekee na kutolewa kulingana na kazi iliyofanyika, kwa uthibitisho wa mhandisi, msanifu na mhasibu. Nyumba ikichelewa, mnunuzi anaweza kujitoa na kurudishiwa fedha yake pamoja na riba, au kubaki akilipwa riba ya kila mwezi hadi akabidhiwe. Akaunti hiyo isingeleta kibali cha mkopo Kawe, na mtikisiko wa 2008 uliacha magofu Dubai licha ya sheria yake. Inachozuia ni fedha yako kwenda kumalizia jengo la mwingine. Hilo peke yake si dogo.

Kungoja nyumba ni foleni ya kwanza; ya pili huanza funguo zikishatoka. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inayomwezesha mwenye fleti kupata hati yake, ile inayoitwa hati pacha. Lakini jengo lazima lipimwe sehemu kwa sehemu, na kama hati kuu imewekwa rehani benki, benki hiyo lazima iachie sehemu yako kwanza. Anayenunua kwa mkopo wa nyumba huumia zaidi: benki yake inataka hati ishikwe ndipo itoe fedha, na muuzaji anataka fedha ndipo ashughulikie hati. Ndiyo maana ningependa kuona mikataba yetu inamruhusu mnunuzi kubakiza sehemu ya mwisho ya bei, hata asilimia 10, mpaka hati pacha isome jina lake. Wapo wauzaji wanaokubali wakiombwa kabla ya saini. Baada ya saini sijaona.