Tawi la Kufumuliwa na Tawi Lisiloguswa

Linus Torvalds aliianza Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, Aprili 2005, na Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, aliyeitunza tangu hapo. Mimi humtazama Hamano kama wengine wanavyomtazama seremala mahiri: kwa namna anavyoiendesha hazina ya Git yenyewe, yaani ghala la msimbo wake na historia yake.

Kila komiti, yaani kila badiliko lililohifadhiwa pamoja na maelezo yake, hupewa alama ambayo kwa kawaida ina herufi na tarakimu 40. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na yote yaliyomo, pamoja na alama ya komiti iliyotangulia. Ukigusa neno moja katika komiti ya juzi, alama za zote zilizoifuata hubadilika. Kwa hiyo ukiandika upya historia ambayo wenzako wameshaichukua, unawaacha wamejenga juu ya komiti ambazo kwako hazipo tena. Wakija kuunganisha, kazi ileile huingia mara mbili.

Timu nyingi zikishaumwa hivyo hupiga marufuku kuandika upya, basi. Nadhani zinajinyima. Wanaochangia Git huleta mabadiliko yao kwa mfululizo, yakakaguliwa, wakayapanga upya, wakaleta toleo la pili, la tatu, hata la saba, mpaka kila komiti ibebe wazo moja na iweze kusimama peke yake. Faida yake huonekana miaka baadaye, hitilafu inapozuka. Git ina amri ya kusaka komiti yenye kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu: kati ya komiti 1,000, majaribio kama 10 yanatosha. Lakini njiani zikijaa komiti nusunusu, zile ambazo programu haikubali hata kuwaka, msako hukwama.

Hamano hakuchagua upande mmoja. Ameyapa matawi, yaani mikondo ya historia ndani ya hazina moja, ahadi tofauti. Tawi la seen hujengwa upya kila mara, na kila mtu anajua si mahali pa kuegemeza kazi yake. Mada, yaani mfululizo mmoja wa mabadiliko, ikiingia tawi la next, kosa lake hurekebishwa kwa komiti mpya juu yake. Tawi hilo kwa kawaida hujengwa upya tu baada ya toleo kubwa kutoka. Tawi la master halirudishwi nyuma kamwe. Tena Hamano hutoa taarifa mara kwa mara, mada kwa mada: hii iko wapi, inangoja nini. Uvumilivu huo wa kuandika taarifa ileile, mwaka baada ya mwaka, ndio unaonivutia kuliko ujuzi wowote wa amri.

Nyinyi mnaoshiriki hazina moja, kaeni mkubaliane ni tawi gani linaruhusiwa kufumuliwa na lipi haliguswi, kisha mliandike hilo pale ambapo mgeni wa kwanza ataliona.