Siku Tatu Mchana na Usiku: Hoja ya Saa 72 Inasimama?

Wandugu wasomi, kila mwaka Paska ikikaribia, swali moja linarudi mu vikundi vya maombi, ku kampisi, na hata mezani nyumbani: kama Yesu alikufa Ijumaa saa tisa na akafufuka Jumapili asubui, zile siku tatu mchana na usiku ziko wapi? Hesabu na vidole. Unapata usiku mbili tu: ule wa Ijumaa na ule wa Jumamosi. Wa tatu haupo.

Swali hili liko la haki. Matayo 12:40 inataja siku tatu mchana na usiku, na inazitaja kama alama ya Yona. Mwenye kuuliza hafai kuchekwa, wala kuitwa mutu wa sekte. Lakini kuna jibu moja linalopita sana kati ya vijana, na njo hilo nataka tulipime hapa: jibu la «saa 72». Linasema hivi: siku ina saa 12, usiku una saa 12, mara tatu ni saa 72 kamili. Basi Yesu alizikwa Jumatano jioni, akafufuka Jumamosi jioni. Ijumaa Kuu ni uongo, Jumapili ya Paska ni uongo, na kanisa linalozishika limepotea.

Jibu hili si la jana. E. W. Bullinger, padri msomi wa Kanisa la Anglikana aliyekufa mwaka wa 1913, alilitetea mu maelezo ya The Companion Bible. R. A. Torrey, muhubiri wa Marekani, naye alishika Jumatano. Lakini aliyelisambaza kuliko wote ni Herbert W. Armstrong (1892-1986), mwanzilishi wa Worldwide Church of God, mu kijitabu chake The Resurrection Was Not on Sunday. Gazeti lake The Plain Truth lilikuwa linagawanywa bure, na kwa Kifaransa liliitwa La Pure Vérité. Leo wengi wanarudilia hoja zake bila kujua jina lake.

Tuanze na nguvu yake, maana hoja hii iko na nguvu. Ya kwanza, inachukua neno «usiku» kwa uzito. Watetezi wengi wa Ijumaa wanajibu tu «sehemu ya siku inahesabiwa siku nzima», kiisha wanakaa. Lakini sehemu ya siku haileti usiku ambao haukuwepo. Ya pili, Yoane 19:31 inasema ile Sabato ilikuwa kubwa, na Walawi 23 inaonyesha kwamba siku ya kwanza ya Mikate Isiyochachwa ilikuwa siku ya kupumzika hata kama haikuangukia Jumamosi. Kwa hiyo «Sabato» mbili mu juma moja ni jambo linalowezekana. Ya tatu, manukato. Marko 16:1 inasema wanawake waliyanunua Sabato ikiisha kupita. Luka 23:56 inasema waliyatayarisha, kiisha wakapumzika Sabato. Armstrong anaunganisha: Alhamisi ilikuwa Sabato ya sikukuu, Ijumaa wakanunua na kutayarisha, Jumamosi wakapumzika. Inapendeza, kama hesabu ya sekondari inayotoka bila baki.

Sasa tuipime.

Kosa la kwanza liko mu kipimo chenyewe. Armstrong anashika Yoane 11:9, pale Yesu anauliza kama saa za mchana si 12. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunaona jambo hilo ni la kawaida: jua linatoka karibu saa kumi na mbili, linazama karibu saa kumi na mbili, mwaka muzima. Lakini Yerusalemu iko mbali na ikweta. Kule mchana wa baridi una karibu saa zetu 10, na wa joto karibu 14, na watu wa wakati ule waliugawa mchana mu sehemu 12 hata uwe murefu ao mufupi. «Saa» yao ilikuwa inarefuka na kufupika. Katika maneno ya Yoane 11 Yesu anazungumzia mutu anayetembea akiwa na mwangaza. Hafundishi namna ya kupima kaburi na saa ya mkono.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kuhesabu siku za watu wale kwa mazoea yetu. Wao walihesabu siku ya kuanzia pia. Luka 13:32 inatuonyesha Yesu mwenyewe akihesabu: leo, kesho, na siku ya tatu. Leo ni ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, tukianza Ijumaa, siku ya tatu ni Jumapili, bila kutafuta maneno mengi.

Na usifikiri ni ajabu ya Wayahudi peke yao. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema «huit jours» kwa juma moja na «quinze jours» kwa majuma mawili. Juma halina siku 8, wala majuma mawili hayana 15. Tunahesabu siku ya kuanzia, njo maana. Yoane 20:26 ni vilevile: «kiisha siku nane» Yesu anaonekana kwa Tomaso, na kanisa tangu zamani limeelewa kwamba ni Jumapili iliyofuata. Hakuna mwalimu wa Kifaransa anayeitwa muongo juu ya «quinze jours».

Lakini mufano unaonishika zaidi uko mu Matendo 10. Kornelio anapata maono saa tisa. Kesho yake, karibu saa sita, watumishi wake wanakaribia Yopa. Wanalala kwa Petro, siku inayofuata wanaondoka naye, na siku inayofuata tena wanafika Kaisaria. Kornelio anamwambia Petro kwamba maono yalikuwa siku nne zilizopita, saa kama hii, saa tisa. Kamata karatasi uhesabu: saa tisa ya siku ya kwanza mpaka saa tisa ya siku ya ine ni mara tatu saa 24, ni kusema saa 72 barabara. Na Kornelio anaziita siku ine, haziite tatu! Kama saa 72 kamili mu Agano Jipya zinaitwa siku ine, hoja nzima ya Armstrong inabaki inasimama juu ya nini?

Atajibu: «Lakini Kornelio hakutaja usiku.» Ni kweli. Basi twende kwa Esta. Mu Esta 4:16 malkia anaomba Wayahudi wafunge siku tatu, usiku na mchana, bila kula wala kunywa, naye atafunga hivyo, kiisha ataingia kwa mufalme. Mu 5:1 anaingia lini? Siku ya tatu. Kama «siku tatu usiku na mchana» ingekuwa saa 72, angengoja siku ya ine. Hapa usiku umetajwa, na hata hivyo siku ya tatu inatosha. Talmudi ya Yerusalemu nayo inamutaja Rabi Eleazari bin Azaria, aliyeishi karibu na mwisho wa karne ya kwanza, aliyefundisha kwamba mchana na usiku ni kipindi kimoja, na sehemu ya kipindi ni sawa na kipindi kizima. Talmudi yenyewe ilikusanywa nyuma sana ya Injili, kwa hiyo tusiiweke juu kuliko Esta. Lakini inaelekea upande uleule.

Kosa la tatu: hoja inavunja maandiko mengi ili kuokoa moja. Matayo huyohuyo, mu 16:21, 17:23 na 20:19, anasema «siku ya tatu». Mu 27:63-64 wakuu wa makuhani wanamwambia Pilato kwamba Yesu alisema atafufuka kiisha siku tatu, na palepale wanaomba kaburi lilindwe mpaka siku ya tatu. Kwao maneno yote mawili ni kitu kimoja. Mu Luka 24:21, wale wawili wa njia ya Emau wanasema, Jumapili, kwamba leo ni siku ya tatu tangu mambo hayo yalipotendeka. Ukianza Jumatano, Jumapili ni siku ya tano kwa hesabu yao, na ya ine kwa hesabu yetu. Armstrong aliliona, akajibu kwamba «mambo hayo» ni pamoja na askari kuwekwa ku kaburi siku ya Alhamisi. Lakini soma Luka 24:20: wanazungumzia kuhukumiwa na kusulubiwa. Askari wa kaburi wako mu Matayo peke yake. Luka hajawataja hata mara moja! Kuwachukua mu Matayo na kuwatia mu kinywa cha watu wa Luka, huo si usomaji tena.

Na manukato? Hapa tuseme kweli: Marko na Luka hawapangi mambo kwa namna moja, na sioni faida ya kuficha hilo. Lakini Luka 23:54 mpaka 24:1 ina mufululizo mumoja tu: siku ya Maandalio, Sabato, kiisha siku ya kwanza ya juma. Hakuna nafasi ya Ijumaa ya katikati. Tena, kama Ijumaa ilikuwa siku huru na manukato yako tayari, wanawake walingoja nini? Mu Yoane 11:39 Marta anasema maiti ya Lazaro inanuka juu ya siku ya ine. Nani anayempenda marehemu anaweza kuacha siku nzima ya kazi ipite, aende kupaka maiti siku ya tano? Wengine watasema waliogopa askari. Lakini mu Marko 16:3 wanajiuliza tu juu ya jiwe.

Kuna pia neno lenyewe «Maandalio». Kwa Kigiriki ni paraskeue, na mpaka leo Wagiriki wanaita Ijumaa Paraskevi. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa kwanza, kinaagiza kufunga siku ya ine ya juma na siku ya Maandalio, ni kusema Jumatano na Ijumaa. Marko 15:42 inaeleza neno hilo: siku inayotangulia Sabato. Anayetaka liwe Jumatano njo anayepaswa kuleta ushuhuda.

Kwa upande wa pili, watetezi wa Ijumaa nao wapunguze kiburi. Wakristo wa zamani walisikia uzito wa neno «usiku». Didaskalia, maandiko ya Siria ya karne ya tatu, yanajaribu kupata usiku wa tatu kwa kuhesabu lile giza la saa sita mpaka saa tisa kama usiku. Hesabu hiyo ni ya kulazimisha, lakini inaonyesha kwamba swali halikuanza na Armstrong. B. F. Westcott, msomi mukubwa wa Uingereza, alielekea Alhamisi kwa kutafuta usiku tatu. Mutu anaweza kutokubali Ijumaa na abaki Mkristo mwenye akili.

Ninavyoona mimi, maneno ya Matayo 12:40 yamechukuliwa moja kwa moja mu kitabu cha Yona. Yesu anaazima usemi wa Yona ili kusema: kama yeye alivyomezwa akatoka, nami nitamezwa na kutoka. Kipimo cha muda kiko mu usemi mwingine, ule uliorudiliwa mara nyingi: siku ya tatu.

Tungeweza kuuliza: basi iko na faida gani? Iko, wandugu. Kuna vijana wameambiwa kwamba wakikubali Ijumaa wanamufanya Yesu muongo, na wengine wameachana na wazazi wao juu ya hilo. Wengine, wakishindwa kupata saa 72, wameacha imani yote. Ni vibaya kuweka imani ya mutu juu ya hesabu ambayo waandishi wa Biblia hawakuitumia. Tena wanadanganywa kwamba kushika Jumamosi kunadai Jumatano. Si kweli. Waadventista wa Sabato wanashika Jumamosi kabisa, na wanafundisha kwamba Yesu alikufa Ijumaa, akapumzika kaburini Sabato, akafufuka Jumapili.

Na sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuko na bahati. Mwenye kusoma «la neuvième heure» anapaswa kugeuza mu kichwa. Sisi tunasoma «saa tisa» na tunajua jua liko wapi. Lakini tuangalie mutego: wengi wetu tunaita Jumatatu «siku ya kwanza» na Jumatano «siku ya tatu», wakati siku ya kwanza ya juma mu Injili ni Jumapili. Kabla ya kumuhukumu mwenzako na hesabu, muulize kwanza anaanzia wapi.

Wenye kushika Jumatano, karibuni kujibu. Ila mutujibu kwanza juu ya Kornelio na Esta.