Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili

Mwenyeji mmoja wa Rapsu, kule upande wa Kinna katika kaunti ya Isiolo, alinikuta Lamu nikitazama mafundi wakibandua saruji isiyo hata na ufa kwenye ukuta wa zamani. Alishangaa sana. Kwao nyumba ya jadi ya Kiborana hujengwa na akina mama kwa fito zilizopindwa, ikaezekwa majani au mikeka. Kilichochakaa hutolewa, kingine kikawekwa, na nyumba ni ile ile. Mbona hapa kitu kigumu kinatolewa, kirudishwe kilicho laini?

Swali lake ndilo swali lenyewe. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zimeegemeana: ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani, na penginepo wikio, yaani chumba cha daraja, huvuka juu ya kichochoro kuunganisha ghorofa za jamaa. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake karibu nusu mita, na ndani yake mna vitundu visivyohesabika. Maji ya ardhini huupanda pole pole yakibeba chumvi. Lipu ya chokaa huyaachia yatoke kama jasho. Ukiupaka ukuta saruji, maji hukosa njia, hivyo hupanda juu zaidi au hutokea upande wa pili, yaani chumbani kwa jirani ambaye hakununua hata mfuko mmoja wa saruji. Nilipoweka kiganja changu kwenye ukuta wa namna hiyo, vidole vilirudi na chumvi nyeupe kama unga.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa kubandua, tena kwa tindo na nyundo ndogo, maana saruji ikivutwa kwa pupa hung'oka na jiwe. Kisha ukuta uliachwa wazi ukauke. Hapo ndipo wenye nyumba wengi huchoka na kuita fundi wa haraka, nami nasema hapo ndipo nyumba hupotea.

Chokaa ya jadi ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la kuni, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yatulie. Haigandi kama saruji. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni, taratibu, kutoka nje kwenda ndani. Ndiyo maana hupakwa tabaka jembamba baada ya jembamba, ukuta ukiloweshwa kwanza, na jua likizuiwa kwa magunia. Chumvi ikizidi, lipu hii humomonyoka yenyewe na jiwe likapona. Huo si udhaifu wake. Lipu hupakwa tena, lakini jiwe la karne ya 18 hatulipati tena.

Dari nayo ina hesabu yake. Boriti ya mkoko ndiyo inayoamua upana wa chumba, na kwa kawaida chumba hakifiki mita tatu. Ndiyo maana misana, yaani kumbi za mbele, na ndani, chumba cha nyuma yake, ni vyumba virefu, vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwandani, yaani uani. Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani. Mafundi walitegemeza dari kwa nguzo, wakabadilisha zilizooza moja moja. Kumwaga zege kungemaliza kazi mapema, lakini uzito wake wote ungekalia ukuta ambao nusu yake ni mali ya mtu mwingine.

Lamu iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na macho ya wengi huishia kwenye milango ya nakshi. Ubovu, hata hivyo, huanzia ndani, nyuma ya kabati, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mahali ambapo mkaguzi hapigi hodi.

Siku ya tabaka la mwisho, fundi aligonga mlango wa jirani akaomba ndoo ya maji. Ukuta ulipaswa kuloweshwa pande zote mbili kwa pamoja. Mama mwenye nyumba alisogeza kitanda, akachukua kata, akaanza kumwagia upande wake.